John Arthur na Ushirika wa Thogoto

Kisa cha ushirika wa Kipresbiteri wa Thogoto, karibu na mji mdogo wa Kikuyu, hakiwezi kusimuliwa bila kumtaja Daktari John William Arthur. Wapo wanaomkumbuka kama mlezi na wapo wanaomkumbuka kama mtawala. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba pande zote mbili zina hoja.

Arthur alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1881 na kusomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo. Alifika Kikuyu mwanzoni mwa mwaka 1907. Misheni aliyoikuta ilikuwa imeanzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamishiwa Kikuyu mwaka 1898 na Thomas Watson. Watson alifariki mwaka 1900, naye mjane wake, Minnie, akabaki akifundisha watoto hapo hadi mwaka 1931. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1907, kiongozi wa misheni, David Clement Scott, ambaye alikuwa ametunga kamusi ya lugha ya Kinyanja alipokuwa Malawi, alifariki pia. Mrithi wake, Henry Scott, aliaga dunia mwaka 1911. Hivyo ndivyo tabibu kijana alivyojikuta akiushika usukani wa misheni nzima. Alitawazwa kuwa mchungaji mwaka 1915.

Sifa za Thogoto zilivuka mipaka upesi. Mwaka 1913 wamisheni wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana hapo kutafuta njia ya kushirikiana, wakahitimisha mkutano kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Mzozo huo ukatikisa Kanisa la Kianglikana hadi Uingereza. Mwaka uliofuata, kijana mmoja wa shule ya misheni alibatizwa hapo kwa jina la Johnstone. Baadaye ulimwengu ulimjua kama Jomo Kenyatta.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, Arthur aliongoza kikosi cha wapagazi takriban 2,000 kutoka misheni mwaka 1917. Aliandamana nao hadi Afrika Mashariki ya Kijerumani ili wasife kama walivyokufa wapagazi wengine wengi. Mwaka 1919, yeye pamoja na maaskofu wa Mombasa na Uganda walitoa waraka wa kukosoa namna serikali ilivyowashurutisha Waafrika kuwafanyia walowezi kazi. Mwaka 1924 aliteuliwa kuyawakilisha maslahi ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Aidha, alikuwa miongoni mwa waliofanikisha kufunguliwa kwa Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1926. Hata hivyo, inafaa ikumbukwe kwamba Waafrika hao hawakumchagua. Aliwasemea, nao hawakupewa nafasi ya kujisemea.

Kasoro hiyo ilidhihirika mwaka 1929. Arthur alikuwa tabibu. Madhara ya tohara ya wanawake aliyaona kwa macho yake hospitalini. Katika hilo hakukosea, na Kenya huru yenyewe iliharamisha desturi hiyo kwa sheria ya mwaka 2011. Kosa lake lilikuwa njia aliyoitumia. Waumini walitakiwa kuikana tohara na kutia sahihi au alama ya kidole gumba, yaani kirore, au watengwe na kanisa. Katika nchi ambamo ardhi ilikuwa imenyakuliwa, wengi waliiona alama hiyo kama mtego mwingine wa mzungu. Waumini wengi mno waliondoka Thogoto. Nyimbo za Muthirigu zikawakejeli wamisheni hadi serikali ikazipiga marufuku mwaka 1930, na shule huru zikachipuka kote Ugikuyuni. Arthur mwenyewe alilazimika kujiuzulu kutoka Baraza Kuu la Utendaji la koloni. Msomaji wa riwaya ya The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance, ataitambua mitafaruku hiyo.

Kanisa kubwa la mawe, Church of the Torch, lilifunguliwa mwaka 1933 kwa ushirika uliokuwa bado unauguza majeraha. Arthur alistaafu mwaka 1937, akarejea Scotland na kufariki mwaka 1952. Miaka minne baadaye, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki likawa na mamlaka yake lenyewe.

Ushirika wa Thogoto haukufa. Ulinusurika kwa sababu walibaki wazee, walimu na akina mama walioifanya imani hiyo kuwa yao, pasipo kuamrishwa. Pengine hilo ndilo funzo kuu la maisha ya Arthur: ukweli ukiletwa kwa shuruti, hata wanaouhitaji huukimbia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini akishakua hulelewi kwa niaba yake, huachiwa asimame.