Simon Kimbangu na Sheria ya Uhuru wa Kuabudu katika Kongo ya Wabelgiji

Maisha ya Simon Kimbangu yamesimuliwa mara nyingi kama maisha ya nabii, na mara nyingine kama maisha ya mtangulizi wa wapigania uhuru. Makala haya yanakusudia kuyatazama kwa upande wa sheria. Kimbangu alihukumiwa kifo katika nchi ambayo uhuru wa dhamiri ulikuwa umekwisha kuandikwa, tena zaidi ya mara moja. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 kiliwahakikishia wenyeji wa bonde la Kongo, sawa na wageni, uhuru wa dhamiri na uvumilivu wa dini. Ubelgiji ilipoitwaa Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold II, Hati ya Koloni ya mwaka 1908 ilivihamishia huko vifungu kadhaa vya Katiba ya Ubelgiji, vikiwamo vile vinavyolinda uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba Kimbangu aliangamia kwa kukosekana kwa sheria.

Alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Wakongo iliyo kusini ya Mto Kongo, mwaka 1887 kwa hesabu inayofuatwa na kanisa lake. Mama yake alifariki angali mtoto, akalelewa na Kinzembo, ndugu wa familia. Elimu yake aliipata kwa wamisionari wa Kibaptisti wa Kiingereza katika misheni ya Ngombe-Lutete, na huko ndiko alikobatizwa mwaka 1915 pamoja na mkewe, Marie Muilu. Wana wao watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, walizaliwa kati ya mwaka 1914 na 1918. Kwa muda Kimbangu alikuwa katekista. Kuanzia mwaka 1918, wakati homa kuu ya mafua ilipokuwa ikiua watu wengi katika Kongo kama ilivyoua kwingineko, alisema kwamba alisikia akiitwa kuwahudumia watu wake. Aliukimbia wito huo hadi Léopoldville, akafanya kazi za kibarua, kisha akarudi kijijini.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji kilichokuwa jirani na Nkamba, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa na kumwombea. Habari zikaenea kwamba mwanamke huyo amepona. Katika muda wa majuma machache Nkamba ilifurika watu. Wagonjwa waliletwa kwa machela, vibarua waliacha kazi zao mashambani na njiani, na makanisa ya misheni yakapoteza waumini. Mafundisho yenyewe, yakitazamwa na mtu asiye na hofu, hayakuwa na jambo ambalo mmisionari asingeweza kulihubiri: watu waziteketeze hirizi na masanamu ya uganga, waache ndoa za wake wengi, waache ngoma za anasa, wamwamini Kristo. Inastaajabisha kwamba serikali iliyokuwa ikilalamikia uchawi miaka nenda miaka rudi ilitishwa na mtu aliyewafanya watu wautupe wenyewe kwa hiari yao. Lakini Nkamba haikuwa chini ya mzungu yeyote, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili.

Tukivisoma vifungu vilivyotajwa hapo juu pamoja na desturi za utawala wa wakati ule, tunaona kwamba uhuru wa kuabudu ulieleweka kuwa uhuru wa misheni. Katoliki alikuwa huru kuhubiri, Mprotestanti alikuwa huru kuhubiri, na Mwafrika alikuwa huru kuchagua amsikilize nani kati yao. Kwamba Mwafrika angeweza kusimama mwenyewe mbele ya mkutano, bila padri wala mchungaji mgeni wa kumdhamini, ni jambo ambalo waandishi wa mikataba ile hawakuonekana kulitarajia. Maneno ya kifungu yalilijumuisha waziwazi, kwani yaliwataja wenyeji, lakini waliotekeleza sheria hawakuona hivyo.

Léon Morel, mtawala wa wilaya ya Thysville, alikwenda Nkamba mwezi Mei kujionea mwenyewe. Tarehe 6 Juni alirejea na askari ili kumkamata Kimbangu. Fujo ikazuka, na katika fujo ile Kimbangu akatoroka. Kwa muda wa miezi mitatu alijificha katika vijiji, akiendelea kuhubiri. Tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa. Wafuasi wake waliufananisha mwendo huo na ule wa Yesu kwenda Yerusalemu. Mwanasheria atauona kwa namna nyingine pia: huyu hakuwa mtu aliyekuwa akiandaa vita.

Kesi iliendeshwa Thysville mbele ya mahakama ya kijeshi, chini ya Kamanda De Rossi. Kufikia hapo eneo lilikuwa limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hatua hiyo moja ndiyo iliyoamua mengi. Iliiondoa kesi katika mikono ya mahakama za kawaida na kuikabidhi kwa afisa. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Mnamo tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kuchapwa viboko 120 na kisha kuuawa, kwa kosa la kuhatarisha usalama wa dola na utulivu wa umma. Wafuasi kadhaa walihukumiwa pamoja naye.

Hukumu hiyo inastahili kusomwa kwa makini na kila anayejishughulisha na uhusiano wa lugha na sheria. Mahakama yenyewe ilikiri kwamba uadui dhidi ya serikali ulikuwa umejidhihirisha hadi wakati huo kwa nyimbo za uchochezi, matusi na vitendo vya ukaidi vya hapa na pale tu. Hata hivyo ilishikilia kwamba mwendo wa mambo ungeweza kuishia katika uasi mkubwa. Kwa maneno mengine, mtu alihukumiwa kifo kwa tukio ambalo halijatukia. Aidha, ushahidi mzito ulikuwa nyimbo. Sasa, yeyote aliyewahi kuingia katika kanisa la Kiprotestanti anajua kwamba tenzi zake zimejaa askari, silaha, falme zinazoanguka na ushindi unaokaribia. Wamisionari walizileta Afrika wenyewe na kuzitafsiri katika lugha za wenyeji. Zikiimbwa na kwaya chini ya mchungaji mzungu, vita hivyo ni vya rohoni. Zikiimbwa Nkamba, afisa wa kijeshi anavisikia kuwa vita vya panga na bunduki. Si rahisi kusema kwamba afisa alikosea kabisa, kwa kuwa sitiari haina mlinzi wa kuizuia isivuke mpaka. Na waliokuwa wakiimba walikuwa watu wanaotozwa kodi na kulazimishwa kazi. Lakini sheria ya jinai haipaswi kumwua mtu kwa sitiari.

Wamisionari wa Kibaptisti waliomba ahurumiwe. Mwezi Novemba 1921 Mfalme Albert I aliigeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Rehema hii imesifiwa, na kwa mfungwa haikuwa jambo dogo. Ila izingatiwe kwamba rehema ya mfalme haikugusa hatia. Hakuna mahakama ya juu zaidi iliyowahi kuulizwa, wakati wa uhai wake, kama Kifungu cha 6 cha Berlin au Hati ya Koloni ilikuwa imevunjwa.

Alisafirishwa hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mbali sana na Nkamba. Alikaa gerezani humo miaka thelathini. Mji ule wa migodi, uliokusanya vibarua kutoka pande nyingi, ulikuwa ukijijengea Kiswahili chake wenyewe, na kwa hiyo nabii huyu wa Wakongo alimalizia umri wake akizungukwa na lugha ambayo si ya kwao. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1951, akiwa bado mfungwa.

Nyuma yake, sheria ilikuwa na silaha nyingine ambayo haikuhitaji hata kesi. Amri ya mwaka 1910 iliuruhusu utawala kumhamisha mwenyeji ambaye mwenendo wake ulidhaniwa kuvuruga utulivu, na kumlazimisha kuishi mahali palipoteuliwa. Kwa njia hiyo Wakimbangu wengi waliondolewa katika vijiji vyao na kutawanywa katika majimbo ya mbali. Matokeo yake yalikuwa kinyume na yaliyokusudiwa, kwani kila aliyehamishwa alikwenda na dini yake, na harakati iliyokuwa ya Wakongo peke yao ikapata waumini miongoni mwa makabila mengine. Huko nyumbani Marie Muilu aliwaunganisha waumini kwa siri hadi alipofariki mwezi Aprili 1959. Katika miaka ya 1950 mwanawe mdogo, Joseph Diangienda, ambaye alikuwa karani wa serikali ileile, aliongoza juhudi za kudai kutambuliwa kisheria. Waumini waliandika kwa wakubwa wa koloni wakijitaja kwa majina yao na kutaka ama wakamatwe wote ama waachwe waabudu. Kanisa lilitambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru. Mwezi Aprili 1960 mabaki ya Kimbangu yalirudishwa Nkamba.

Hapa wasimulizi wengi huishia, na wanafanya kosa. Sheria ya mwishoni mwa mwaka 1971, chini ya utawala wa Mobutu, iliruhusu makanisa machache tu yaliyotambuliwa na dola na kuvinyima vikundi vingine vingi haki ya kuwapo. Kanisa la Kimbangu lilikuwa miongoni mwa yale machache. Vikundi vingine vilivyodai urithi uleule wa kinabii wa mwaka 1921 vikajikuta nje ya sheria, kama Nkamba ilivyokuwa zamani. Kutambuliwa na dola kulikuwa kumegeuka kuwa sharti la kuabudu, na kanisa lililoteswa kwa kukosa cheti lilikaa upande wa wenye vyeti.

Mwezi Julai 2011 mahakama kuu ya kijeshi mjini Kinshasa iliitangua hukumu ya mwaka 1921, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutanguliwa huko kunawahusu Kimbangu na waliosimama naye kizimbani Thysville. Waliohamishwa kwa amri ya mwaka 1910 hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote, na kwa sababu hiyo hakuna hukumu yao ya kutangua.