Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Kila tusimamapo kuimba Mungu Ibariki Afrika, twaimba tuni ya mwalimu wa shule. Tumeona vema tumkumbuke, kwani maisha yake yana funzo kwa wanakwaya wetu hapa Buguruni.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, mji ambao sasa huitwa Kariega. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko aliongoza kwaya na kuitungia nyimbo.

Nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa sol-fa, yaani nota za herufi. Njia hii ilienezwa Uingereza na mchungaji John Curwen, akiendeleza kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover. Wamisionari wakaileta Afrika. Nayo si ngumu. Herufi d, r, m, f, s, l, t ni ngazi saba za sauti, kutoka chini kwenda juu. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Kistari baada ya herufi hutuambia tuishikilie sauti ile kwa pigo jingine. Mahali patupu twanyamaza. Mstari wa wima hutenga fungu moja la mapigo na jingine. Ajuaye haya, akishapewa sauti ya do, aweza kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia.

Mwaka 1897 Sontonga alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka mchungaji wakfu. Mwaka 1905 akafariki, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, akamwacha mjane na mtoto mmoja wa kiume. Kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi, hata lilipotambuliwa rasmi mwaka 1996. Daftari lake nalo limepotea.

Lakini wimbo haukupotea. Walimu wengine wa kwaya walikuwa wameliazima daftari lile, na kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, ikaueneza. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa Bloemfontein uliozaa chama cha ANC. Mwaka 1961 tuni ile ikawa ya wimbo wa taifa wa Tanganyika.

Sisi nasi tunao wazee waliotunga nyimbo nzuri za ibada, nazo zimo vichwani mwao tu. Vijana wetu hujifunza kwa kusikiliza simu. Na simu ikiharibika, wimbo umekwenda. Tukimzika mzee, twauzika na wimbo wake. Basi, kijana, keti na mzee wako, umwombe aimbe polepole, nawe uandike. Kisha mpe mwenzako anakili. Daftari moja hupotea. Yaliyonakiliwa na wengi hudumu.