Padri Michel Kayoya: Aliyejitafuta kwa Kalamu

Kila askari na kila polisi anakifahamu kitabu cha zamu. Humo huandikwa saa ya kupokea lindo, waliopita, yaliyotokea na saa ya kukabidhi. Kipo kitabu kingine ambacho hakuna mkuu anayekikagua, nacho ni kile ambacho mtu huiandikia nafsi yake ili apate kujua yeye ni nani na anasimamia nini. Miongoni mwa wana wa Burundi walioandika kitabu cha namna hiyo ni hayati Padri Michel Kayoya.

Kayoya alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katika milima ya eneo la Mwaro, wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Alisoma katika seminari ya Mugera na baadaye seminari kuu ya Burasira, akapewa daraja la upadri mwaka 1962, mwaka uleule Burundi ilipopata uhuru. Kisha alikwenda kuongeza elimu Lille, Ufaransa.

Kijana huyo alilelewa na mizani mbili. Nyumbani wazee walimpima mtu kwa heshima yake na kwa neno lake; shuleni alipimwa kwa Kifaransa na kwa vitabu vya ng'ambo. Mizani hizo zilipogongana, wengi wa rika lake waliitupa mojawapo. Kayoya alichukua kalamu.

Mwaka 1968 kitabu chake cha kwanza, Sur les traces de mon père, yaani Katika Nyayo za Baba Yangu, kilipigwa chapa mjini Bujumbura. Mwaka 1970 kikafuata cha pili, Entre deux mondes, yaani Kati ya Dunia Mbili. Tafsiri ya Kiingereza ya kile cha kwanza ilitolewa Nairobi mwaka 1973.

Vitabu hivyo havifanani na hotuba wala risala. Mistari yake mara nyingi ni mifupi. Nathari huchanganyika na shairi, na kumbukumbu huandamana na swali. Mwandishi anaikabili fedheha ya kijana anayejifunza darasani kwamba wageni waliketi Berlin mwaka 1884 na 1885 kuamua mambo ya Afrika pasipo Mwafrika. Fedheha hiyo hakuificha moyoni. Aliiweka karatasini, akaitazama, ndipo akajiuliza baba yake alikuwa na nini kabla ya wageni kuja. Akaukuta utu, akaukuta ukoo, akaikuta ile staha ambayo Warundi huiita ubupfasoni.

Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Wazo likibaki kichwani huzunguka na kubadili sura kila mara. Likiandikwa husimama, na mwenyewe huweza kulihoji kama shahidi.

Dayosisi ya Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, ilianzishwa mwaka 1968. Huko Kayoya alikabidhiwa kazi ya kutunza mali ya dayosisi, kazi ya hesabu na stakabadhi, huku akiendelea kuwa mtu wa kalamu.

Ndipo ulipofika mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini mwa nchi, na raia wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa msako uliowaangukia Wahutu, na zaidi wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, hata askari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Padri Kayoya alikamatwa, na tarehe 17 Mei 1972 aliuawa Gitega, akiwa hajatimiza miaka 40.

Sisi tuvaao sare hatuna budi kulitaja jambo hili bila kulizungusha. Mikono mingi iliyotekeleza msako ule ilishika silaha za dola, na ilifuata orodha. Je, wangapi kati yao walikuwa wamewahi kujiuliza, kabla ya siku ile, ni kitu gani wasingekubali kukifanya hata wakiamriwa? Swali la namna hiyo halijibiki vema katika saa ya ghasia. Hujibiwa mapema, katika utulivu.

Tangu hapo nchi imepiga hatua. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulifungua njia ya kuunda upya majeshi, Wahutu na Watutsi wakihudumu bega kwa bega. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilifungua mjini Gitega mchakato wa kumtangaza Kayoya na wenzake kuwa wenye heri. Mapema mwaka 2020 mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalifukuliwa karibu na mto Ruvubu.

Ndugu askari, ndugu polisi, daftari dogo halina uzito katika begi. Siri za kikosi, mahali pa lindo na mipango ya operesheni visiandikwe humo kamwe. Andika nafsi yako: leo nani alinikasirisha, na kwa nini, nilimwogopa nani, nilimdharau nani kabla hajafungua kinywa, ni amri gani iliyonikosesha usingizi. Mwenye kuona kurasa zake zimejaa maswali kuliko majibu asivunjike moyo, kwani Kayoya naye alianza hivyo hivyo.