Mbaraka Mwinshehe: Soloist National na Swali la Vyombo

Wengi wetu hapa chuoni tumemsikia Mbaraka kabla ya kumjua. Ni lile gitaa la kwenye redio ya mzee, kipindi cha zilipendwa, linaloongea polepole kama mtu asiye na haraka. Ukiuliza ni nani, unaambiwa tu ni Mbaraka, kana kwamba hakuna mwingine mwenye jina hilo.

Jina kamili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, ila mji uliomfanya mwanamuziki ni Morogoro. Alipoingia Morogoro Jazz miaka ya 1960, mji ulikuwa umegawanyika: huku Morogoro Jazz, kule Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Kijana alitunga, aliimba na kupiga solo, yote matatu kwa wakati mmoja. Si mchezo. Mashabiki wakamwita Soloist National. Mwaka 1970 bendi ilivuka bahari hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuna wimbo mmoja unaotuhusu moja kwa moja. Sikukuu ya Krismasi 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, katika ugomvi wa mashamba na ujamaa. Kisha akaupeleka mwili mwenyewe polisi mjini Iringa. Baadaye alinyongwa. Morogoro Jazz walitoa wimbo wenye jina la Dk. Klerruu. Hapo ndipo wanachuo tunapaswa kujiuliza: mpiga gitaa wa zama zile alikuwa na uhuru kiasi gani?

Sehemu ya jibu imo kwenye vyombo vyenyewe. Magitaa mengi ya umeme ya mwanzo yalikuwa na tumbo wazi, uso wa mbao uliobinuka kama wa fidla, na matundu mawili mfano wa herufi f. Gibson ya ES-150, iliyotoka Marekani mwaka 1936, ndiyo iliyoufanya mtindo huo uvume. Sauti yake ni nene na laini, ila ukilisogeza karibu na spika na kuongeza sauti, tumbo zima linatetemeka na gitaa linapiga yowe. Bendi za dansi zilivyozidi kupaza sauti, magitaa ya mbao nzima yakashika nafasi.

Ukibahatika kukutana na gitaa la tumbo lililolala stoo, usifungue nyuzi zote kwa mpigo. Daraja lake halijagundishwa. Linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake, na likihama gitaa linakuwa na sauti za uongo hata ulitune vipi. Badilisha uzi mmoja mmoja. Halafu gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 ili utoe mlio wa kengele, kisha ubonyeze palepale na ulinganishe. Ukibonyeza ikawa juu zaidi, sogeza daraja mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze karibu. Likikoroma, anza na waya wa jeki. Mara nyingi kulehemu kidogo kunatosha.

Gitaa, ampu na spika ni ghali, na wapigaji wengi hawakuwa navyo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya klabu, jumuiya au shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na baadaye hapa Iringa, Tancut Almasi ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Ukitofautiana na wenye vyombo, unatoka na vidole vyako tu. Na hata ukiwa na wimbo mkali, sahani za santuri zilitengenezwa Nairobi.

Kwa hiyo Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, hakubadilisha jina la bendi tu. Alitaka kuwa kiongozi wa sauti yake. Miaka ile ndiyo iliyotupa Shida, wimbo ambao hata aliyezaliwa miaka ya 2000 anaufahamu.

Miaka haikuwa mingi. Januari 1979, akiwa Kenya, alipata ajali ya gari Mombasa akafariki. Alikuwa na miaka 34, umri ambao baadhi ya wahadhiri wetu hawajaufikisha.

Siku hizi tunasema muziki wa zamani ulikuwa bora, tunaishia hapo. Tungeanza na kitu kidogo: klabu ya muziki chuoni iwe na vyombo vyake, bisibisi na pasi ya kulehemu, na wanafunzi wawili watatu wanaojua kuvitumia. Anayeweza kulifufua gitaa mwenyewe haombi ruhusa ya kupiga.