Sakichi Toyoda: Seremala aliyeifundisha mashine kusimama

JINA la Toyota linajulikana kila barabara ya vumbi Afrika Mashariki. Wasichokijua wengi ni kwamba mizizi ya kampuni hiyo haikuwa kwenye magari, bali kwenye uzi na kitambaa.

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji kimoja cha eneo ambalo leo ni mji wa Kosai, Japani. Baba yake alikuwa seremala, naye akajifunza kazi hiyo. Kijijini wanawake walifuma vitambaa kwa mikono, kazi ya kuchosha yenye kipato kidogo. Sakichi aliwatazama, akaanza kutafuta ni hatua ipi inayopoteza muda na nguvu.

Mwaka 1891 alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa mashine ya mbao iliyoendeshwa kwa mkono mmoja badala ya miwili. Mfumaji alizalisha karibu nusu zaidi ya awali. Hata hivyo, karakana ndogo ya kufuma aliyoifungua Tokyo haikudumu. Uvumbuzi mzuri peke yake haukutosha kuiendesha biashara.

Hakukata tamaa. Mwaka 1896 alitengeneza mashine ya kufuma iliyotumia nguvu za mvuke. Ndani yake aliweka jambo dogo lenye faida kubwa: uzi wa mshindio ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Pasipo uwezo huo, uzi ulipokatika mashine iliendelea kufuma kitambaa kibovu hadi mtu alipogundua. Uzi ulipotea, muda ulipotea na mteja alikosa mali nzuri.

Mwaka 1924, akishirikiana na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mashine iliyobadilisha uzi bila kusimama, na iliyosimama papo hapo hitilafu ilipotokea. Mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashine 30 au zaidi, kwa kuwa hakulazimika kuikodolea macho kila moja. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyotamba kwa viwanda vya nguo, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili kupata haki za uvumbuzi huo.

Sakichi alifariki Oktoba 1930. Kiichiro aliingia kwenye magari, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota ikaanzishwa. Kanuni ya mzee ilihamia huko: kosa likionekana, kazi isimame na chanzo kitafutwe. Anakumbukwa pia kwa desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano mpaka mzizi wa tatizo upatikane.

Kanuni hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Mkusanya maziwa anayepima kila dumu kabla ya kumimina kwenye tangi huzuia dumu moja lililochacha lisiharibu mengine yote. Fundi cherehani anayekagua kipande cha kwanza kabla ya kukata vitambaa 50 huokoa jora zima. Mwenye mashine ya kusaga anayeona chenga kwenye unga, akasimamisha na kukagua chekeche, hulinda wateja wake.

Wafanyabiashara wawili wanaweza kuuza bidhaa ileile kwa bei ileile. Anayeziba ufa mapema ndiye atakayebaki sokoni, kwani mwenzake atajenga ukuta kila msimu.