Mwaka Mpya wa Mtumishi Krapf

Mwaka unaisha, na swali ni moja katika kila nyumba: mwaka ujao tutakuwa wapi? Wengine wanangoja amani Kivu, wengine wanangoja jina lao liitwe, wengine wamechoka hata kuuliza. Tumeona vema safari hii tuwasimulie maisha ya Johann Ludwig Krapf, ambaye aliuingia mwaka 1844 akiwa amefungiwa milango yote aliyokuwa ameipanga.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, Ujerumani, katika jamaa ya wakulima. Alisomea utumishi Basel, Uswisi, kisha akatumwa na misioni ya Kianglikana ya Uingereza, yaani CMS. Moyo wake wote ulikuwa Ethiopia, na hasa kwa Waoromo. Mwaka 1838 alifukuzwa Adwa. Hakukata tamaa, akaenda Shewa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko tangu 1839 hadi 1842. Alipotoka kwenda Misri kuoa, aliporwa njiani, na aliporudi na mke wake Rosina alikuta njia ya Shewa imefungwa. Wakajaribu kupitia Tigray. Huko nyikani Rosina alijifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi hata siku moja. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mama zetu waliojifungulia njiani hawahitaji kuelezwa habari hiyo.

Basi walipoikosa Ethiopia, waliondoka Aden mwezi wa Novemba 1843 kwa chombo cha matanga, wakafika Zanzibar tarehe 7 Januari 1844. Msidhani kwamba Krapf aliipenda pwani. Alikuja kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango wa nyuma, kwa kuwa alitaka kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Sultani Said bin Sultan alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwezi wa Mei Krapf na Rosina wakakaa Mombasa.

Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Mohieddin, kadhi wa Mombasa. Tunapenda jambo hili likumbukwe, kwa sababu wako wanaodhani msaada wa Mungu hupita kwa watu wa kanisa letu tu.

Mwezi mmoja baadaye homa iliingia nyumbani. Rosina alizaa mtoto wa kike, na tarehe 13 Julai akafariki. Baada ya siku chache na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana nguvu. Waliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kisha aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara kuwa kazi ya Afrika Mashariki imeanza.

Hapa tuseme wazi. Wako wahubiri ambao wangesema Mungu alimchukua Rosina ili kazi isonge mbele. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, wala hatungependa mjane yeyote kati yetu aambiwe hivyo kwa ajili ya mume wake aliyebaki Kivu chini ya udongo. Krapf hakupewa sababu. Alipopata nafuu alirudi kwenye tafsiri yake, sura kwa sura, kwa herufi za Kirumi, katika Kiswahili cha Mombasa (Kiswahili chetu cha Uvira na Bukavu angekishangaa!).

Alikuwa na mpango mkubwa: mnyororo wa vituo vya Injili kutoka Mombasa mpaka bahari ya magharibi, kuvuka Afrika nzima. Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Hicho ndicho kituo cha kwanza cha mnyororo, na mpaka Krapf alipoondoka mwaka 1853 hakikuongezeka kingine. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole, na wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mwaka 1851 Krapf alikwenda Ukambani na rafiki yake chifu Kivoi. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga porini peke yake, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Mwaka 1853 aliondoka, afya imevunjika. Rebmann aliona ni heri kukaa mahali pamoja kuliko kukimbilia ramani, na kwa maoni yetu hakukosea. Alikaa Rabai mpaka 1875, macho yakiwa karibu kupofuka.

Lakini angalieni yale ambayo hakuna aliyeyapanga. Rebmann na mwenzake Erhardt walichora ramani kwa kusikiliza masimulizi ya watu wa misafara, wakaweka ndani yake ziwa moja kubwa mno. Ramani ilikosea, kwa sababu maziwa ni kadhaa. Hata hivyo iliwavuta Burton na Speke, ambao mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika na kupanda kwa mitumbwi hadi Uvira. Ukurasa huu tumeuandaa Rohero, hapa Bujumbura, na siku isiyo na ukungu milima hiyo ya Uvira inaonekana ng'ambo ya maji.

Tena, mwaka 1875, bara ya Mombasa, jirani na kaburi la Rosina, misioni ilianzisha Frere Town. Waliokaa hapo ni watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa wameng'olewa katika nchi zao za ndani, na wengi hawakuweza kurudi tena. Hao, pamoja na watu wa Rabai, ndio waliokuwa kanisa la pwani ile. Krapf alitazamia Waoromo. Waliokuja ni wakimbizi.

Yeye alizeekea Korntal, Ujerumani, akiandika kamusi yake ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.