Edsel Ford: Jina lililochafuliwa na gari ambalo hakuwahi kuliona

Kwa modeli ya 1960, kampuni ya Ford ya Marekani ilitengeneza Edsel za kufunua paa 76 tu. Leo moja ikiibuka kwenye banda la mtu, wapenzi wa magari ya zamani hawaanzi na bei. Wanaanza na namba ya chesisi.

Sokoni gari hilo lilifeli vibaya. Mpaka leo Marekani ukitaja Edsel, watu wanafikiria hasara.

Lakini Edsel alikuwa mtu. Edsel Ford, mtoto pekee wa Henry Ford, alifariki miaka 14 kabla gari hilo halijaingia sokoni. Hakulichora, hakulipitisha, hakuliona. Lawama ikabaki kwenye jina lake.

Alikulia na magari

Edsel Bryant Ford alizaliwa Detroit tarehe 6 Novemba 1893. Jina alipewa la Edsel Ruddiman, rafiki wa baba yake tangu shuleni.

Juni 1896, Edsel akiwa hajafika miaka mitatu, baba yake alitoa gari lake la kwanza kwenye banda la nyuma ya nyumba. Lilikuwa na magurudumu ya baiskeli. Mlango wa banda ulikuwa mdogo, ikabidi ukuta uvunjwe.

Kijana hakwenda chuo kikuu. Alimaliza shule akaingia moja kwa moja kwenye kampuni ya mzee. Mwaka 1915, akiwa na miaka 21, yeye na rafiki zake waliendesha Ford Model T kutoka Detroit hadi San Francisco, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi na matope.

Mwaka uliofuata alimuoa Eleanor Clay. Walipata watoto wanne: Henry, Benson, Josephine na William.

Rais wa kampuni, rimoti kwa baba

Mwaka 1919, akiwa na miaka 25, Edsel akawa rais wa Ford Motor Company. Kwenye karatasi, yeye ndiye bosi wa moja ya viwanda vikubwa zaidi duniani.

Kiukweli mambo hayakuwa hivyo. Henry hakuwa na cheo hicho tena, ila neno la mwisho lilibaki lake. Edsel akitoa agizo asubuhi, mzee angeweza kulifuta mchana.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya magari yenyewe. Henry aliipenda Model T kupita kiasi: imara, rahisi, bei ya chini. Edsel aliona wateja wanabadilika. Walitaka rangi, muonekano na starehe, na General Motors walikuwa wanawapa.

Mzee aligoma kwa miaka mingi. Alikubali mauzo yalipoanza kushuka kweli kweli. Tarehe 26 Mei 1927, Ford ya milioni 15 ilitoka kiwandani Edsel akiwa kwenye usukani na baba yake abiria. Siku hiyohiyo uzalishaji wa Model T ukafika ukingoni.

Desemba mwaka huo ikaja Model A. Mzee alisimamia mitambo, Edsel akasimamia muonekano. Ziliuzwa zaidi ya milioni 4.

Breki ni hadithi nyingine. Edsel alitaka breki za haidroliki, zile zinazotumia mafuta. Henry aliamini vyuma na fimbo. Washindani walizifunga mapema, Ford wakaja kuzikubali kwenye modeli za 1939.

Kona yake ilikuwa Lincoln

Februari 1922 Ford iliinunua kampuni ya Lincoln kwa dola milioni 8. Henry hakuwa mtu wa magari ya kifahari, hivyo hapo Edsel alipata nafasi ya kupumua.

Akamchukua mchoraji kijana, Eugene Gregorie, ambaye kabla ya magari alikuwa anachora boti. Edsel alikuwa na jicho la muonekano, Gregorie alikuwa na penseli.

Mwaka 1934 walitengeneza gari moja la pekee kwa ajili ya Edsel mwenyewe: dogo, chini chini, bodi ya alumini, viti viwili, halina paa kabisa. Halikuwa la kuuza.

Kisha ikaja kazi iliyompa heshima kubwa. Edsel alitaka gari la kufunua paa la kutumia mapumzikoni Florida, lenye sura ya magari ya Ulaya. Gregorie alilichora juu ya ramani ya Lincoln Zephyr iliyokuwepo tayari. Machi 1939 gari lilifika Florida, na matajiri wenzake wakaanza kuuliza wao watapata lini.

Hivyo ndivyo Lincoln Continental ilivyozaliwa. Kumbukumbu za kiwanda kwa modeli ya 1940 zinaonyesha 350 za kufunua paa na 54 zenye paa la bati. Hadi 1948 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 5,300. Mwaka 1951 makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini New York iliweka Continental kwenye maonyesho, pembeni ya sanaa za hali ya juu.

Jina Continental liliendelea kuishi. Oktoba 1, 1963, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alipita mitaa ya Washington kwenye gari la wazi akiwa na Rais John F. Kennedy. Wiki saba baadaye Kennedy aliuawa Dallas akiwa ndani ya Lincoln Continental ya wazi.

Aliyekataa ukuta usipakwe chokaa

Edsel alikuwa pia mwenyekiti wa tume ya sanaa ya Detroit. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, aligharamia mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, aje kuchora kuta za makumbusho ya jiji.

Rivera alikuwa Mkomunisti. Alichora wafanyakazi wa kiwanda cha Ford wakiwa kazini, wa rangi zote, na mashine kubwa kuliko binadamu. Kazi ilipozinduliwa 1933, wapo waliodai ukuta upakwe chokaa. Edsel, mtoto wa mwenye kiwanda, akasimama na mchoraji. Michoro ipo mpaka leo.

Mtu wa mabavu kati ya baba na mwana

Ndani ya kampuni hali ilizidi kuwa ngumu. Henry alimwamini zaidi Harry Bennett, mkuu wa ulinzi aliyeongoza kikosi cha wababe. Bennett alikuwa na njia ya moja kwa moja kwa mzee. Edsel, rais wa kampuni, hakuweza kumfukuza.

Tarehe 26 Mei 1937 watu wa Bennett waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye daraja la waenda kwa miguu nje ya kiwanda cha River Rouge, mbele ya wapiga picha. Edsel alitaka mazungumzo, mzee hakutaka kusikia. Mkataba na chama ulikuja kusainiwa 1941, baada ya mgomo.

Afya ya Edsel ikaanza kudorora. Alikuwa na vidonda vya tumbo, kisha saratani ya tumbo. Alipata pia brusela, ugonjwa unaotokana na maziwa yasiyochemshwa.

Alifariki nyumbani kwake Gaukler Point, kando ya ziwa nje kidogo ya Detroit, tarehe 26 Mei 1943. Ilikuwa miaka 16 kamili tangu aendeshe ile Ford ya milioni 15. Alikuwa na miaka 49.

Henry, karibu miaka 80, akarudi kwenye kiti. Haikudumu. Eleanor, mjane wa Edsel, alitishia kuuza hisa zake kama mwanawe hatapewa uongozi. Septemba 1945 Henry wa Pili akawa rais, na Bennett akaonyeshwa mlango.

Gari lililobeba jina la marehemu

Katikati ya miaka ya 1950 Ford walitaka gari jipya la daraja la kati. Majina maelfu yalipendekezwa. Hadi mshairi Marianne Moore aliombwa mawazo, yote yakakataliwa. Mwisho wakuu wa kampuni wakachagua Edsel. Familia haikulifurahia wazo hilo, ila likapita.

Uzinduzi ulifanyika 4 Septemba 1957 kwa matangazo mazito. Ford walitarajia kuuza 200,000 mwaka wa kwanza. Marekani ziliuzwa kama 63,000.

Sababu zilikuwa nyingi. Uchumi ulikuwa umeyumba na wateja walitaka magari madogo. Sho ya mbele ilichekwa. Gia zilikuwa vitufe katikati ya usukani, na vilisumbua. Halafu Edsel haikuwa na kiwanda chake: iliunganishwa kwenye mistari ya Ford na Mercury, mafundi wakabadilisha spea katikati ya kazi. Magari mengine yalifika kwa wauzaji yakiwa na vitu pungufu.

Wazee wa Malolo, Ruangwa na Nachingwea wana mfano wa karibu zaidi: Mradi wa Karanga. Waingereza waliuanza 1947 kwa hesabu nzuri za kwenye karatasi, wakajenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na 1951 wakafuta hasara ya pauni milioni 36. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Ardhi haikuulizwa kwanza, kama ambavyo Ford hawakumsikiliza mteja.

Tarehe 19 Novemba 1959 Ford walitangaza mwisho wa Edsel. Hasara inakadiriwa kuwa dola milioni 250. Modeli ya 1960 ilikuwa imedumu wiki chache tu, ikaacha magari 2,846. Kati ya hayo, ya kufunua paa ni yale 76.

Namba haidanganyi

Uchache huo ndio umeyafanya yawe dili. Gari lililokuwa kichekesho sasa linasakwa mashambani, kwenye gereji zilizofungwa na kwenye mirathi.

Kazi ya kwanza ni kuthibitisha. Edsel ya 1960 ilitumia bodi ile ile ya Ford ya mwaka huo. Fundi mjanja anaweza kuchukua Ford ya kufunua paa, akafunga taa, sho na nembo za Edsel, kisha akaiuza kama mojawapo ya zile 76.

Hapo ndipo kibati cha kiwandani kinapoongea. Namba ya Edsel ya 1960 inaanza na 0, yaani mwaka. Herufi U inataja kiwanda cha Louisville, Kentucky. Kinachofuata ni aina ya bodi, injini, kisha namba ya mfululizo. Kibati hicho kina pia kodi za rangi, viti na tarehe ya kutengenezwa.

Ni kama unaponunua gari mkononi kwa mtu Bongo: unalinganisha kadi na namba iliyogongwa kwenye chesisi. Zisipofanana, unaondoka.

Kwa picha, michoro na nyaraka za kampuni, watafiti huenda Dearborn, kwenye kituo cha kumbukumbu kinachoitwa Benson Ford. Benson alikuwa mtoto wa pili wa Edsel. Makaratasi ya ofisi ya Edsel mwenyewe yapo humo.

Makaratasi hayo yanaonyesha picha nyingine kabisa ya mtu huyu. Jina lake halipo kwenye maamuzi ya gari lililofeli. Lipo kwenye Lincoln, kwenye Model A na kwenye Continental.

Hata lile gari dogo la 1934 limepatikana. Baada ya kifo chake liliuzwa kwa bei ya kutupa, likapita mikono kadhaa, kisha likakaa miaka 40 kwa mtu mmoja Florida bila dunia kujua. Lilitoka hadharani 1999. Mwaka 2008 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.76, na baadaye likarudishwa Gaukler Point, kwenye nyumba ya Edsel ambayo sasa ni makumbusho.

Jina lake Afrika Mashariki

Kuna karatasi nyingine aliyoiacha. Mwaka 1936 Edsel alitoa dola 25,000 kuanzisha taasisi ya hisani, Ford Foundation. Baada ya yeye na baba yake kufariki, hisa nyingi za familia ziliingia humo, na ikawa moja ya taasisi tajiri zaidi za aina yake duniani.

Ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960. Kuanzia 2001, mpango wake wa ufadhili wa masomo uliwapeleka Watanzania, Wakenya na Waganda kusoma shahada za uzamili na uzamivu. Walengwa walikuwa watu kutoka maeneo yenye nafasi finyu, ambao bila ufadhili wasingefika huko.

Wengi wao wamerudi na vyeti na kazi zao. Aliyesaini hundi ya kwanza ya taasisi hiyo ni Edsel, yule ambaye jina lake kwa wengi bado ni la gari lililofeli.